Shanga za kioo za koko: namna ya kujua kama ni za zamani kweli, mbele ya kuziuzisha

Katika nyumba mingi za Tanganyika, Maniema na Kivu ya Kusini, kuko kikopo ao kitambaa chenye kufungwa fundo, na ndani yake muko shanga za kioo za koko. Hakuna anayezivaa tena. Siku moja mutu wa biashara anapita, anaziangalia, anasema ni vitu vya bure, lakini anatoa franka elfu kidogo. Mama anapokea, anaenda kununua chumvi na sabuni. Kumbe shanga hizo zinaweza kufika mbali, ku meza ya watu wenye kukusanya vitu vya zamani, na bei haiko tena ile.

Si kila ushanga ni mali. Mingi ni za plastiki, ao za kioo za juzi tu. Basi namna gani kuzitofautisha?

Zilitoka wapi?

Shanga za kioo ziliingia Congo zamani sana. Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba (Haut-Lomami), wachimbaji wa historia walifungua makaburi ya zamani mwaka wa 1957 na 1958. Walikuta vyungu, misalaba ya shaba, na pia simbi na shanga za kioo. Simbi hutoka baharini. Ni kusema biashara ilifika mpaka kule kwa kupita mukono kwa mukono, mbele muzungu hajakanyaga.

Katika miaka ya 1800, misafara kutoka Zanzibar na Bagamoyo ilileta shanga kwa magunia. Mingi zilitengenezwa Venice, mu Italia, na kisiwa chake cha Murano. Zingine zilitoka Bohemia, inchi ambayo leo iko ndani ya Ucheki. Shanga zilikuwa pesa. Zililipa chakula cha wapagazi na ruhusa ya kupita. Zililipa pia pembe za tembo, na hata watu. Hatupashwe kusahau hiyo wakati tunaona uzuri wao.

Kila fasi ilikuwa na ushanga wake. Stanley, aliyefika Ujiji mwaka wa 1871, aliandika kwamba shanga kubwa zenye kuitwa sungomaji zilipendwa Ujiji na Uguha, lakini fasi zingine watu walizikataa. Uguha ni upande wa magharibi ya ziwa, karibu na mutoni Lukuga, ambako leo kuko Kalemie. Cameron, aliyepita Ujiji mwaka wa 1874, alikuta soko nzima inatumia shanga zenye kuitwa sofi, sawa vipande vya kiko chenye kuvunjika. Asubui watu wa kubadilisha walikuwa wanatoa sofi kwa wanunuzi, magaribi wanazirudisha kutoka kwa wauzaji. Ni sawa kambisti wa leo kando ya barabara.

Angalia tundu kwanza

Mutu wa kawaida anaangalia rangi. Mwenye kujua anaangalia tundu. Kioo cha kukuzia kinasaidia, na kama hakuna, kamera ya telefone inatosha.

Kulikuwa njia mbili kubwa za kutengeneza. Ya kwanza ni kuvuta: mafundi wawili walishika kioo cha moto chenye shimo katikati, mumoja akaenda huku, mwingine kule, kikawa sawa muti murefu wa kiko. Kisha walikikata vipande vidogo. Katika shanga hizo, mistari na mapovu madogo yanafuata tundu, toka mwisho huu mpaka mwisho ule. Ya pili ni kuzungusha: fundi aliyeyusha kioo na kukizungusha ku chuma chembamba. Hapo mistari inazunguka tundu, sawa kamba yenye kuviringishwa ku kijiti.

Kama unaona mustari mumoja wenye kupasua ushanga kati, sawa mushono, ule ulifinywa ndani ya kalibu. Kama ni kioo, unaweza kuwa wa zamani vilevile, juu Bohemia walitengeneza hivyo. Lakini mushono ku plastiki ni alama ya kiwanda cha leo.

Kisha, angalia moyo. Ushanga mwekundu wa zamani mara mingi uko mwekundu inje na mweupe ndani. Sababu yake ni bei: kioo chekundu kizuri kilipata rangi kutokana na zahabu, basi fundi aliweka ngozi nyembamba ya nyekundu juu ya kioo cheupe cha bei ya chini. Ku pwani waliziita samisami. Burton, aliyefika ziwa Tanganyika mwaka wa 1858, aliandika kwamba zilikuwa na majina mingi. Moja ilimaanisha kimaliza-chakula, juu mutu aliacha hata chakula chake ili azipate. Ingine ilimaanisha kivunja-muji, juu wanawake walizipenda mpaka waume na baba zao wakafilisika.

Ushanga wenye sifa kupita zote ni ule wenye nyota ku miisho: buluu inje, kisha nyeupe na nyekundu, safu juu ya safu. Ulianza Murano mwisho wa miaka ya 1400. Hesabu safu. Zile za mwanzo zina safu saba, na nyota yake ina ncha 12. Zenye safu ine ao tano kwa kawaida ni za nyuma zaidi.

Alama za uzee

Kioo ni baridi ku midomo na ni kizito. Plastiki ni ya vuguvugu na nyepesi. Usitumie sindano ya moto kwa kupima: kama ushanga ni wa zamani, utauharibu.

Ushanga wenye kuvaliwa miaka mingi umesuguana na jirani zake. Basi unachakaa ku miisho, karibu na tundu, na ukingo wa tundu unakuwa laini. Siku hizi kuko shanga mupya zenye kutiwa asidi ao kuzikwa mu udongo ili zionekane nzee. Zile zinachakaa sawasawa kila fasi, hata fasi ambayo hakuna kitu kingeweza kuisugua. Hapo ujue ni udanganyifu.

Usizioshe vibaya

Ndimu, asidi na mchanga vinakula kioo. Maji ya vuguvugu na burashi laini vinatosha. Ukibadilisha uzi, tia wa pamba, hapana wa chuma. Mbele ya kuukata, piga foto, juu mupangilio wa shanga nao unaeleza kitu: nani alivaa, kwa ndoa ao kwa kilio. Andika ku karatasi jina la koko, kijiji, na namna shanga zilifika ku jamaa. Ushanga wenye habari yake una bei kupita ushanga bubu.

Na zile zenye kutoka mu udongo?

Wakati mvua inakula kilima, ao wachimbaji wanafungua shimo, shanga zinatoka. Hizo haziko sawa na za urizi. Congo ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 yenye kulinda mali ya utamaduni, na vitu vya zamani vyenye kukutwa mu udongo vinaingia ndani yake. Kama ni kaburi, acha kila kitu fasi yake na uite shefu. Ushanga wenye kutolewa bila kuandika fasi yake hauelezi tena kitu, hata ukifika ku makumbusho.

Za koko ni za jamaa, na jamaa njo inaamua. Mbele ya kukubali bei, keti na ndugu, angalia tundu, hesabu safu, piga foto. Mununuzi wa haki hatakasirika kungoja siku mbili. Mwenye kusema "leo ao hapana" anajua kitu ambacho wewe hujajua bado.