Ngao ya Tumboni mwa Gari

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumzie kitu ambacho mwenye gari hukiona labda mara moja kwa mwaka, tena akiwa amelala chali chini ya mwembe huku vumbi likimwingia machoni. Nasema juu ya lile bamba la chuma linalofungwa chini ya injini, ambalo mafundi wetu huliita sampugadi, yaani kinga ya sampu. Na sampu, kwa asiyejua, ni lile bakuli la chini kabisa ya injini ambamo oili hutulia.

Mtu wa mjini ataniuliza: hayo yananihusu nini mimi? Yanakuhusu, ndugu yangu. Wangapi kati yetu wana pikapu kuukuu inayohangaika na mazao ya shamba, au Land Rover ya ukoo inayotupeleka nyumbani wakati wa Krismasi na Idi? Lami huwa inaishia mahali. Baada ya hapo ni mawe, visiki na yale matuta ya katikati ya barabara yanayoachwa na magurudumu ya malori makubwa. Gari dogo likipita juu yake, tumbo ndilo linalosalimiana na ardhi.

Mimi nililijua somo hili mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño kuzichana barabara nyingi za kusini. Nilipanda pikapu ya shemeji yangu kutoka Nangurukuru kwenda Liwale. Tulibeba mabati na saruji, na kurudi tulitarajia kupakia ufuta. Mahali fulani jiwe lilikuwa limejificha kwenye majani ya katikati ya njia. Tukasikia kishindo kama sufuria iliyopigwa mchi. “Jiwe tu hilo, shemeji,” akaniambia, naye akaendelea kukanyaga mafuta.

Hazikupita dakika kumi, injini ikaanza kugonga, ka-ka-ka, kisha ikanyamaza. Taa nyekundu ya oili haikuwaka, kwa sababu balbu yake iliungua siku nyingi na hakuna aliyejali kuibadilisha. Tukatembea kurudi nyuma. Mstari mweusi wa oili ulikuwa umechorwa barabarani kuanzia kwenye lile jiwe hadi gari liliposimama.

Hapo ndipo penye kioja, ndugu wasikilizaji. Gari lile lilikuwa na kinga! Shemeji aliitengenezesha mwenyewe, bamba nene ajabu, na alikuwa akijisifu nalo kila tulipokaa. Tulipolifungua tukakuta bamba lenyewe halikutoboka hata kidogo. Kilichotoboa sampu ni ncha ya bolti ya kinga ile ile, iliyoachwa ndefu kwa ndani, chini ya sampu kabisa. Jiwe lilisukuma bamba juu, bamba likasukuma bolti, bolti ikaingia kwenye sampu. Kisha bamba likarudi mahali pake kana kwamba halikutenda kitu. Shemeji alikopa fedha za kununua injini nyingine, na mkopo ule aliulipa kwa misimu miwili ya ufuta.

Kwa nini tundu la ukubwa wa ncha ya kidole liue injini nzima? Pikapu ya dizeli ya aina ile hubeba lita tano au zaidi kidogo za oili. Pampu huifyonza kutoka kwenye sampu na kuisukuma hadi kwenye beringi za krenki. Ndani ya beringi zile chuma hakigusi chuma. Kati yake kuna utando mwembamba wa oili. Oili ikimwagika, pampu hufyonza hewa, utando hukatika, na vyuma husagana mpaka vinashikana. Na usidhani sabuni ya mche itakuokoa. Sabuni huziba ufa wa tangi la petroli, kila dereva wa mbali anajua, lakini oili inayotoka kwenye injini ni ya moto na huiyeyusha.

Ni kweli kwamba magari mengi ya porini hutoka kiwandani na bati fulani chini. Lakini mara nyingi bati hilo ni jembamba, la kuzuia tope na kokoto, si la kubeba uzito wa gari lililokalia mwamba. Ndiyo maana watu hwenda kwa mafundi wa kuchomelea, Gerezani na kwingineko, wakasema: nitengenezee la maana.

Na kosa la kwanza huwa ni kuuliza unene tu. Tupige hesabu kidogo. Bamba la upana wa sentimeta 60 na urefu wa sentimeta 80, likiwa la chuma cha milimeta 4, lina uzito wa kilo 15 hivi. Likiwa la milimeta 6 linafika karibu kilo 23. Uzito huo wote unaning'inia mbele, juu ya springi ambazo tayari zimechoka. Aluminiamu ya milimeta 6 ingekuwa na kilo 8 tu, lakini si kila fundi wa mtaani ana mashine ya kuichomelea, na bei yake mnaijua. Kwa upande mwingine, bati la pipa la oili ni jembamba mno. Hupasuka na kuacha makali kama ya mundu. Kwa gari la kawaida la shamba, chuma laini cha milimeta 4 kilichokunjwa vizuri kinatosha.

Neno ni hilo: kilichokunjwa. Bamba bapa hupinda kama karatasi. Likunje kingo zake za kushoto na kulia kuelekea juu, nalo linakuwa gumu mara nyingi zaidi bila kuongeza hata gramu moja. Angalia bati la nyumba yako lilivyo na mawimbi, utaelewa. Ukitaka kuongeza mbavu, chomelea vyuma vya pembe kwa ndani. Wapo wanaotumia vipande vya springi kuukuu kwa sababu ni vigumu. Chuma cha springi ukikichomelea bila utaalamu hupoteza ugumu wake na hupata ufa pembeni ya weldi. Kitakatika siku unayokihitaji.

Baada ya umbo, nafasi. Kati ya bamba na sampu iachwe nafasi ya vidole viwili au vitatu, kwa sababu bamba lazima litabonyea. Injini nayo haijatulia. Imekalia raba na hutikisika kila unapokanyaga mafuta. Kwa hiyo kinga isifungwe kamwe kwenye injini au kwenye sampu yenyewe. Ifungwe kwenye chasisi, kwani chasisi ndiyo mifupa ya gari. Na kama gari lako lina ekseli ya mbele iliyokalia springi, kumbuka ekseli hupanda na kushuka. Lipakie gari mzigo, upime ukiwa umelipakia, la sivyo siku ya kwanza barabarani ekseli itagonga kinga yako mpya.

Hapa tena kuna jaribu kubwa la kuchomelea kinga moja kwa moja kwenye chasisi ili isitoke milele. Usikubali. Joto la weldi hudhoofisha chasisi mahali pale na ufa huanzia hapo. Tena siku ukitaka kushusha sampu utalazimika kukata kwa grainda. Tafuta matundu ambayo kiwanda kimeyaacha kwenye chasisi na kwenye vyuma vinavyoiunganisha kulia na kushoto, aghalabu yapo. Tumia bolti zenye namba 8.8 iliyogongwa kichwani, za milimeta 10 au 12, na wosha pana. Zile zisizo na namba zinazouzwa kwa kilo waachie waseremala.

Kichwa cha bolti kinachochomoza chini kitanyolewa na mawe. Kizamishwe kwenye tundu lililotanuliwa, au kichomelewe kipande cha chuma mbele yake kimkinge. Na ncha ya juu ikatwe fupi. Hilo nalisema kwa uchungu, mnaelewa sababu.

Ukingo wa mbele upande juu, karibu na bampa, ili gari likikutana na jiwe liteleze juu yake badala ya kulilima. Kama unatengeneza vipande viwili, kimoja cha injini na kimoja cha giaboksi, cha mbele kipite chini ya cha nyuma kama magamba ya samaki yalivyopangwa. Ukigeuza, jiwe litaingia kwenye maungio na kukifungua cha nyuma kama mkebe wa samaki.

Haya mambo hayakuanza leo. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliwafundisha wengi thamani ya tumbo lililokingwa. Bert Shankland, aliyeshindana kutoka Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari la kawaida la abiria ambalo wengi wetu tulipanda kama teksi. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7.

Limebaki suala la matundu. Toboa tundu kubwa chini ya nati ya kumwagia oili, vinginevyo kila badiliko la oili litakuwa kazi ya nusu siku, na mwishowe utaacha kuibadilisha. Toboa mengine ya kupitisha hewa na kumwaga maji na tope. Kama kazi yoyote ya kuchomelea inafanywa gari likiwa hapo, waya wa hasi wa betri utolewe kwanza, na bomba za mafuta na za breki ziangaliwe zinapita wapi. Chuma kilichopakwa zinki kisichomelewe kabla ya kukwanguliwa. Moshi wake humtia fundi homa usiku ule ule.

Na majani makavu, ndugu wasikilizaji. Wakati wa kiangazi, gari likipita kwenye nyasi ndefu, mbegu na majani hujikusanya juu ya kinga, jirani na ekzosi yenye moto. Gari huweza kuwaka kuanzia chini, dereva akidhani ni harufu ya mashamba yanayochomwa. Ukipita nyasi za namna hiyo, simama kila baada ya muda, chungulia, yatoe kwa fimbo.

Shemeji yangu baadaye alitengeneza nyingine, nyembamba kuliko ile ya kwanza. Baada ya kilomita mia za mwanzo alikaza bolti zote upya, na tangu hapo kila anaposikia kishindo anasimamisha gari, anazima injini na kuingia chini. Spana yake anaiweka chini ya kiti. Na ile balbu ya taa ya oili aliibadilisha siku ile ile injini mpya ilipofungwa, kabla hata ya kuiwasha.