Fahamu: Adhabu ya kuendesha gari ukiwa mlevi nchini Kenya

Kosa lenyewe ni lipi?
Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamkataza mtu aliyelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari asiendeshe, asijaribu kuendesha wala asiwe msimamizi wa gari hilo barabarani. Kwa hiyo unaweza kushtakiwa hata kabla ya kuliondoa.

Adhabu ni ipi?
Faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Aidha, sheria inaelekeza mkosaji anyimwe leseni kwa miezi 12.

Mtu akifariki?
Hapo huingia kifungu cha 46, kuhusu kusababisha kifo kwa uendeshaji hatari. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 10.

Kipima pombe kina uzito gani?
Kifaa cha Alcoblow kilianza kutumika sana mwishoni mwa 2013. Mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ilipata dosari katika kanuni zake: sheria mama humwadhibu aliyeshindwa kulidhibiti gari, ilhali kanuni zilitazama kiwango cha pombe kwenye pumzi pekee.