Mkahawa Usio na Kahawa

Neno 'mkahawa' lilitokana na 'kahawa'. Hata hivyo, ingia katika mingi ya mikahawa yetu ya kawaida uitishe kinywaji kilichoipa jina, nawe utaletewa maji moto na kijiko cha unga kutoka mkebeni. Chai, bila shaka, ipo tele.

Hali hii huniudhi kama mwanaisimu na hunihuzunisha kama mtoto wa mkulima. Nilikulia Nyeri, katika boma lililozungukwa na mibuni, na kila asubuhi tulikunywa chai. Wamishonari walileta zao hili nchini mwaka wa 1893, lakini kwa miongo kadhaa serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika kulipanda. Waliporuhusiwa hatimaye, kuanzia miaka ya 1930 katika sehemu chache kama vile Meru na Kisii, walifundishwa kupogoa, kupalilia na kuchuma. Kukaanga na kuonja kuliachiwa wengine. Bei ya mnadani hutegemea sana ladha ya kikombe. Je, mkulima asiyeijua ladha ya buni yake atabishanaje na anayempa bei?

Kiswahili chenyewe hakina lawama. Mti ni mbuni, tunda na mbegu yake ni buni, nayo kahawa ni kile tunachokinywa. (Walimu wenzangu, wanafunzi wakiuliza, wahakikishieni kwamba yule ndege asiyeruka na yule mtunzi wa mambo mapya hawana shamba hapa.) Baina ya buni na kahawa pana moto, na moto huo waweza kuwashwa katika jikoni yoyote.

Tafuta buni iliyokobolewa, ile ya rangi ya kijani kibichi. Pima gramu 200 hivi, uitie katika kikaango kizito cha chuma juu ya makaa yaliyokolea au moto wa wastani wa gesi, kisha ukoroge kwa mwiko bila kupumzika. Fungua madirisha, maana moshi utakuwapo. Kwanza buni itageuka manjano na kunukia kama nyasi kavu, halafu kama mkate unaookwa. Makapi membamba yataanza kuruka. Baada ya dakika nane au kumi hivi utasikia ikialika kama bisi. Hapo ndipo subira na masikio huhitajika. Mlio huo ukikaribia kunyamaza, buni ikiwa ya hudhurungi, ipua. Ukiendelea, utasikia mlio wa pili, mwembamba zaidi, na mafuta yataanza kung'aa juu ya mbegu. Ladha ya moto itaifunika ladha ya shamba. Buni ya milima yetu ina ukali mtamu wa matunda, na ni hasara kuuchoma.

Imwage mara moja katika ungo uipepete, ipoe na kuachana na makapi. Ukiiacha kikaangoni, itaendelea kujikaanga. Ukiipima tena utapata kama gramu 170, kwa kuwa maji yametoka. Iache hadi kesho yake kabla ya kuinywa, maana hewa ya kaboni iliyomo huhitaji muda wa kutoka.

Asiye na kinu cha kusagia kahawa na achukue kinu na mchi, atwange hadi ifanane na mchanga. Gramu 15, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyojaa, zatosha mililita 250 za maji. Mimina maji, ngoja dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi. Vitabu vya wageni husisitiza kwamba maji yaliyochemka yaachwe kwanza yapoe kidogo. Ushauri huo wafaa Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi; mimina bila kuchelewa!

Watu wa pwani wana njia yao, nami siidharau hata kidogo. Wao hukaanga hadi weusi, hutwanga, kisha huchemsha na tangawizi katika mdila juu ya makaa. Uchungu ule umekusudiwa, kwani pembeni pana halua au tende. Ni sanaa kamili, na wao ndio waliotuhifadhia msamiati huu wote tulipokuwa tukipakia magunia kuelekea ng'ambo.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wanafunzi wangu ni kwa nini wasikaange kilo nzima kwa siku moja. Buni mbichi ikiwekwa pakavu hudumu miezi mingi. Iliyokaangwa huanza kupoteza harufu baada ya wiki mbili tatu, na iliyosagwa baada ya siku chache tu. Kwa hiyo mimi hukaanga kila Jumamosi, kiasi cha wiki moja, na husaga kile ninachokinywa asubuhi hiyo.