LUPASI: NI DAMU AU NI UMASKINI?

Husemwa kwamba maradhi hayachagui. Usemi huu unafariji, lakini si wa kweli kabisa. Yako maradhi ambayo humwingia tajiri na maskini kwa mlango mmoja, kisha yakamwacha tajiri akiwa hai na kumpeleka maskini kaburini. Mojawapo ni lupasi.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kuupiga vita vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Hauambukizi. Katika kila wagonjwa 10, wapatao 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya umri wa miaka 15 na 45, yaani wakati wa kuzaa na kufanya kazi. Viungo huvimba na kuuma, mwili huchoka bila sababu ya kuonekana, ngozi hutoka upele ipigwapo na jua, na kwa wengine figo huharibika kimya kimya. Mfanyakazi wa namna hii husimangwa kuwa ni mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Hebu tutazame Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana. Katika wilaya za Fulton na DeKalb, jimboni Georgia, ambamo umo mji wa Atlanta, iliwekwa daftari ya wagonjwa wote wa lupasi wa miaka ya 2002 hadi 2004. Ilionekana kwamba ugonjwa huu uliwapata wanawake weusi zaidi ya mara 3 kuliko wanawake weupe. Vifo vyao vilipofuatiliwa hadi 2016, wagonjwa weusi walikuwa wamekufa wakiwa na umri mdogo kwa karibu miaka 13 kuliko wagonjwa weupe. Mji ni mmoja na ugonjwa ni mmoja. Kwa nini basi tofauti hii?

Swali hili ndilo lililowafanya madaktari wa Alabama na Texas, na baadaye Puerto Rico, kuanzisha mwaka 1994 uchunguzi uitwao LUMINA. Waliwafuata kwa miaka mingi wagonjwa weusi, weupe na Walatino. Waliona kwamba weusi na Walatino wa Texas, wengi wao wenye asili ya Mexico, waliugua vikali zaidi na kuharibika figo mara nyingi zaidi. Lakini Walatino wa Puerto Rico, wasemao Kispania vilevile, hali yao ilikaribiana na ya weupe. Kwa hiyo jina la kabila peke yake halitoshi kuwa jibu.

Na walipotafuta ni nini kilichotangulia kifo cha mapema, umaskini ulisimama mbele. Hali ya mapato ilipokwisha kuhesabiwa, kabila lenyewe halikuonekana tena kuwa sababu ya kujitegemea. Kukosa bima, kukosa elimu, na kukosa jamaa wa kumsaidia mgonjwa vilitajwa pia miongoni mwa mambo yaletayo hali mbaya.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba damu haina neno. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba mabadiliko fulani katika chembe ya urithi iitwayo APOL1, yaliyoenea hasa kwa watu wa asili ya Afrika Magharibi, humwongezea mtu hatari ya kuharibika figo. Inaaminika kwamba yalienea kwa kuwa yalimkinga binadamu na malale. Ngao ya mababu imekuwa mzigo kwa wajukuu. Lakini mzigo huo hauamui peke yake nani afe: huamua pia nani amepimwa mapema na nani amechelewa.

Na kuchelewa kuna sababu zake. Vitabu vingi vya udaktari vimeonyesha upele wa lupasi kama wekundu juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi huweza kuonekana kama weusi au zambarau, na daktari asiyeuzoea huupita. Huku kwetu, homa na maumivu ya viungo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na vidonge visivyomhusu.

Katika miaka ya 1950 karibu nusu ya wagonjwa wa lupasi walikufa ndani ya miaka 5. Leo, katika nchi tajiri, zaidi ya 90 kwa kila 100 huwa hai baada ya muda huo. Dawa iliyo nguzo ya tiba ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ambayo Tanzania iliitumia kutibu malaria hadi 2001. Wachunguzi wa LUMINA walionyesha kwamba walioitumia waliishi zaidi. Nacho kipimo cha mkojo, kinachotambua mapema kwamba figo zinavuja protini, ni cha bei ndogo. Vitu hivi si miujiza ya matajiri.

Basi, ndugu msomaji, tusiwaachie wenye kusema kwamba watu wa rangi fulani wameumbwa ili wafe mapema. Damu hatuwezi kuibadili. Lakini zahanati yenye kipimo, muuguzi anayeujua upele juu ya ngozi yetu, dawa isiyokatika, na msimamizi wa kazi ampaye mgonjwa ruhusa ya kwenda kliniki badala ya kumfukuza, haya yote yamo mikononi mwa binadamu. Yanapokosekana, lawama si ya damu.