Kompyuta imekosa sauti: pima kwanza, mfumo endeshi ubadilishe baadaye

Mafratera wengi wanatumia kompyuta mpakato zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu. Nyingine ni zawadi ya parokia, nyingine zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Siku moja sauti inapotea, na mwenye kompyuta anaambiwa: "Mfumo huo umezeeka, weka mpya, sauti itarudi." Ushauri huu umewapotezea watu kazi zao. Kuweka mfumo mpya bila maandalizi kunaweza kufuta tasnifu ya miaka miwili kwa nusu saa, na huenda sauti haikupotea kwa sababu ya mfumo hata kidogo.

Tuchukue mfano wa Lenovo ThinkPad T420, mashine ya mwaka 2011 ambayo bado inadunda. Juu ya safu za kibodi ina kitufe kidogo chenye mchoro wa spika. Kikibonyezwa bila kukusudia, mashine nzima inakuwa bubu. Anzia hapo. Kisha uliza: mara ya mwisho kompyuta hii iliunganishwa na nini? Kama ilikuwa kwenye televisheni au projekta ya ukumbini kwa waya wa kidijitali, huenda bado inapeleka sauti huko. Bofya alama ya spika pembeni mwa skrini, uchague spika za kompyuta yenyewe.

Baada ya hapo chomeka hedifoni. Kipimo hiki hakina gharama na kinasema mengi. Hedifoni zikitoa sauti huku spika zikiwa kimya, kadi ya sauti ni nzima. Tatizo litakuwa kwenye spika, kwenye nyaya zake au kwenye tundu la hedifoni. Tundu hilo lina kihisi kinachozima spika unapochomeka kitu; vumbi likiganda ndani, kompyuta inaendelea kudhani kuwa umevaa hedifoni. Zima mashine, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, puliza vumbi. Usiingize pini wala sindano. Ikiwa hedifoni nazo ziko kimya, basi tunatafuta mahali pengine: mipangilio, draiva au kadi yenyewe.

Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kadi ya sauti. Kwenye Windows fungua Device Manager, tafuta kadi ya sauti, iondoe, halafu uwashe mashine upya. Mara nyingi Windows itairudisha yenyewe. Isiporudi, chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa kufuata namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Zile programu za mtandaoni zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja, ziogope. Nyingi huleta matangazo, na nyingine huleta virusi.

Sasa tunafika kwenye kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko vyote. Linux Mint ni mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Faili lake lina ukubwa wa karibu GB 3. Mmoja akilipakua, nyumba nzima inaweza kulitumia. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus (flashi itafutwa yote, kwa hiyo iwe tupu), washa T420 huku ukibonyeza F12, kisha uchague flashi. Subiri skrini ya Mint itokee, ucheze wimbo wowote. Sauti ikisikika, vifaa vyako ni vizima na kosa liko kwenye mfumo uliomo ndani. Isiposikika, hakikisha kwanza kuwa haikuzimwa: fungua dirisha la amri, andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi. Safu yenye herufi MM imezimwa. Bonyeza M ifunguke. Ikibaki kimya hata baada ya hayo, uwezekano mkubwa ni kwamba kifaa kimekufa, na kubadili mfumo hakutakifufua. Nunua kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB, ni ya bei nafuu, uendelee na masomo.

Hata hivyo sababu ya kubadili mfumo ipo, nayo ni usalama. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya zaidi, kwa hiyo T420 haimo. Zipo njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo. Linux Mint 22 inasaidiwa hadi mwaka 2029, nayo inaridhika na RAM ya GB 4. Ukiwa na akiba kidogo, badilisha kwanza diski ya zamani kwa SSD. Hakuna fedha itakayoonekana haraka zaidi kwenye mashine hii.

Kabla ya kuweka chochote, nakili tasnifu, picha na barua zako kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili machache kwenye kompyuta nyingine uone kama yanafunguka. Kunakili bila kufungua si kunakili. Walimu wa kwaya wasikilize zaidi: Finale haikutengenezwa kwa ajili ya Linux, na kampuni yake ilitangaza kuacha kuiendeleza mwaka 2024. Ukiwa bado ndani ya Windows, toa kila wimbo katika muundo wa MusicXML, ambao MuseScore huusoma. Ukishafuta Windows, nafasi hiyo imekwenda. Kwa maandishi kuna LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word, ingawa majedwali na tanbihi huweza kusogea. Kazi ya kukabidhi kwa msimamizi itume kama PDF.

Chagua siku ambayo umeme umetulia, na waya wa chaji uwe umechomekwa, maana betri za mashine hizi mara nyingi zimechoka. Programu ya kusimika ikikuuliza kama ufute diski yote, soma swali hilo mara mbili: ukikubali, Windows na kila kilichokuwamo vinaondoka. Kazi ikiisha, weka masasisho, washa upya, na uchomeke tena hedifoni zilezile ulizopimia mwanzo.