Kiti cha Magurudumu Nyikani Turkana (Sehemu ya Pili)

Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu asiyeweza kutembea hupewa kibali maalumu cha kuwinda akiwa ndani ya gari lililosimama. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku kwa watu wote mwaka 1977, na kwa hiyo suala la kumfikisha nyikani mwenye ulemavu wa viungo linahusu haja nzito kuliko burudani: malisho, maji, kuni na zahanati.

Kikwazo cha kwanza, katika miji ya Lodwar na Kakuma huko Turkana, ni mchanga. Kiti cha hospitalini kina vigurudumu viwili vidogo mbele, na kwa kuwa sehemu ya uzito wa mwenye kukalia huvielemea, huzama mara tu kiti kinapoacha lami, na kila mkono unapozidi kusukuma ndivyo kiti kinavyozidi kujichimbia. Kiti cha magurudumu matatu kilichobuniwa kwa ardhi mbovu kina gurudumu moja tu la mbele, lililo pana na lililosogezwa mbali na miguu, hivyo uzito mwingi hubaki juu ya magurudumu makubwa ya nyuma, na kiti hakibinuki upesi kinaposhuka kwenye laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, kama Tarach unaopita Kakuma.

Kikwazo cha pili ni mathenge, mti wa kigeni uliopandwa katika maeneo kame ili kuzuia jangwa, ambao sasa umesonga kingo za mto Turkwel na ambao miiba yake hutoboa tairi yenye tyubu. Tairi ya mpira mtupu haipati pancha, lakini hupitisha mtikisiko wote mwilini, na kwa mtu aliyekufa ganzi kuanzia kiunoni, kidonda cha mgandamizo, yaani kile kinachotokana na ngozi kubanwa kwa muda mrefu, huanza bila maumivu yoyote. Mto mzuri wa kukalia, basi, ni sehemu ya kiti wala si pambo.

Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inatambua haki ya kupata vifaa vya kumwezesha mtu kukabiliana na ulemavu wake. Haki hiyo haitimii siku kiti kinapokabidhiwa mbele ya kamera, bali inategemea kama fundi wa baiskeli aliye karibu ana tyubu, spoki na beringi zinazokifaa, na ndiyo sababu kiti chenye magurudumu ya kipimo cha baiskeli ya kawaida kinastahili kupendelewa. Safari za matatu kati ya Kakuma na Lodwar zitaelezwa katika sehemu ijayo.