Pikipiki ikichemsha, uliza kwanza inachemsha lini

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mazungumzo yetu ya leo ufa ni tone la maji linalodondoka chini ya injini ya pikipiki, na ukuta ni gharama ya injini nzima. Nazungumzia pikipiki za zamani zenye rejeta, ambazo wenyewe huzisifu kwa nguvu na uimara, lakini siku moja huwaaibisha katikati ya foleni zikitoa mvuke kama birika.

Na hilo la birika si utani wangu. Mwaka 1971 kampuni ya Suzuki ya Japani iliingiza sokoni pikipiki ya GT750 iliyopozwa kwa maji, wakati pikipiki nyingi za siku hizo zilipozwa kwa upepo tu. Waingereza wakaibandika jina la birika. Baadaye pikipiki za namna hiyo zikaenea, na miongoni mwa zilizopata sifa kwa safari ndefu ni Kawasaki KLR650, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987. Pikipiki za umri huo bado zinatembea, na nyingi zinachemsha.

Sasa, pikipiki ikichemsha, wengi wetu hukimbilia kununua. Tukiambiwa ni pampu, tunanunua pampu. Kesho yake inachemsha tena, tunanunua rejeta ya mtumba. Fedha zinakwisha na joto liko palepale. Kwa nini? Kwa sababu joto ni dalili, si ugonjwa. Daktari mzuri hatoi dawa kabla ya kuuliza homa hupanda saa ngapi. Nasi kabla ya kuuliza tubadilishe nini, tuulize: inachemsha lini?

Ili jibu litusaidie, hatuna budi kuijua safari ya maji. Pampu huyasukuma yazunguke silinda na kubeba joto. Njiani kuna mlango mdogo uitwao thamostati, ambao hubaki umefungwa injini ikiwa baridi na hufunguka maji yakikaribia nyuzi 80 hivi za Sentigredi. Hapo maji hupita kwenye rejeta, upepo wa safari ukayapoza, kisha yakarudi kwenye pampu. Pikipiki ikisimama hakuna upepo, kwa hiyo feni huwaka kushika zamu.

Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100 kule Dar es Salaam au Mombasa, na Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke hata yakipita nyuzi 110. Mpira wake ukikauka, mgandamizo huvuja na maji huchemka mapema, ingawa pampu, feni na rejeta vyote ni vizima. Kwa hiyo kitu cha bei ndogo ndicho kikaguliwe kwanza.

Baada ya hapo tulijibu swali letu. Kama pikipiki inachemsha kwenye foleni tu, na ukipata barabara wazi inapoa, mshuku feni. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe kwa kidole uone kama imekwama. Angalia fyuzi. Kisha iunge moja kwa moja kwenye betri. Ikizunguka, feni ni nzima, na tatizo liko kwenye swichi yake ya joto, au kwenye waya na viungo vilivyoshika kutu. Usinunue feni mpya kwa ajili ya waya uliooza.

Kama ni kinyume chake, yaani foleni inaivumilia lakini mwendo mkali au mlima mrefu unaichemsha, feni haihusiki. Hapo maji hayapiti ya kutosha, au upepo haupiti. Tazama uso wa rejeta kama umezibwa na matope na wadudu, au mapezi yake yamelala. Injini ikiwa imepata moto kiasi, izime na upapase rejeta kwa uangalifu: sehemu iliyo baridi wakati nyingine zina joto ni sehemu iliyoziba kwa ndani. Minya pia mipira ya maji injini ikiwa imepoa. Uliolegea kama mkate uliolowa unaweza kujikunja na kufunga njia.

Kama inachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, na injini ina moto mkali huku rejeta ni baridi, shuku thamostati iliyogoma kufunguka, au hewa iliyonaswa ndani baada ya kubadilisha maji. Thamostati hupimwa jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, uyapashe moto, uone kama inafunguka kabla hayajachemka. Hewa hutolewa kwa kujaza maji polepole injini ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi, ukiitikisa pikipiki na kuminya mipira hadi mapovu yaishe.

Na kama maji yanapungua kila wiki, yafuate yanakokwenda. Chini ya pampu nyingi kuna tundu dogo. Likidondosha maji, sili ya pampu imekwisha. Kama huoni tone popote, kagua oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta mara tu injini inapowashwa ikiwa baridi, hata baada ya hewa kutolewa, au moshi mweupe usiokwisha, ni dalili za gasketi ya silinda hedi. Hapo acha kuendesha. Kila kilomita unayoongeza inaweza kuipinda hedi, na hedi iliyopinda haitengenezwi kwa bei ya gasketi.

Wasikilizaji, kuna makosa matatu ambayo yamezoeleka hadi yanaonekana ni ufundi. La kwanza ni kufungua kifuniko injini ikiwa ya moto. Maji yale yamebanwa. Ukiyafungulia hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Subiri hadi mkono wako uweze kutulia juu ya rejeta, ndipo ufungue taratibu kwa kitambaa kinene. Wala usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, maana chuma kinaweza kupasuka.

La pili ni kung'oa thamostati na kuitupa. Injini itachelewa kupata joto lake, italika upesi na kula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe utabaki umejificha. Kama imekufa, weka nyingine.

La tatu ni kujaza maji ya bomba au ya kisima mwaka hadi mwaka. Maji hayo huacha chokaa ndani ya rejeta kama yanavyoacha ndani ya birika. Tumia kulanti inayofaa kwa injini za alumini, ukiichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Lakini soma chupa vizuri, usije ukanunua tindikali.

Wenye bodaboda watasema, zetu hazina rejeta. Ni kweli, nyingi hupozwa kwa upepo, lakini swali ni lilelile. Ikizidi joto kwenye foleni, usiiache ikinguruma imesimama bila sababu, na safisha matope kwenye mapezi ya silinda. Ikizidi joto barabarani, pima oili, kisha itazame plagi: ikiwa nyeupe kama chokaa, huenda kabureta inatoa petroli kidogo mno kuliko hewa.

Kwa anayeitegemea pikipiki kwa mkate wa kila siku, injini iliyokufa ni karo ya shule iliyopotea. Kwa hiyo unapompelekea fundi pikipiki yako, usimwambie tu kwamba inachemsha. Mwambie inachemsha lini, baada ya muda gani, na maji yamepungua kiasi gani. Fundi mwaminifu atakushukuru, kwa kuwa umemfanyia nusu ya kazi. Na yule anayetaka kukuuzia spea kwa kubahatisha atajua kwamba amekutana na mtu anayeuliza.